Kazi Haiko: Anayejitolea Anamdai Nani?

Kuna kazi ambayo mtu anaifanya akiwa amelala. Anaacha kompyuta yake imewashwa mezani, yeye anakwenda kitandani, na usiku kucha mashine inapiga hesabu za watu wengine ambao hajawahi kuwaona. Asubuhi matokeo yanakwenda kwa intaneti, kipande kingine cha kazi kinakuja, hesabu zinaendelea. Mwenye kompyuta halipwi kitu. Mashine ni yake, umeme ni wake, na ikiharibika ni shida yake. Kisha siku moja anaamka, anaangalia kwenye kioo, anakuta maneno mafupi kwamba hakuna kazi. Kesho yake ni hivyo hivyo. Wiki inakwisha, bado. Kwa Kiswahili chetu cha upande huu wa Kivu tungesema tu: kazi haiko.

Swali langu linaonekana dogo. Huyu mtu aliyekuwa anatoa bure, kazi ikisimama, kuna mtu anamdai kitu? Au bure haina deni?

Naliuliza hapa Rusizi kwa sababu neno "volontere" tunalijua vizuri. Karibu kila kazi ambayo mkimbizi anaifanya kwa shirika inaitwa ya kujitolea, hata kama mwisho wa mwezi kuna motisha kidogo. Ni hivyo Kiziba kule Karongi, ni hivyo Mahama, na hata hapa Nyarushishi, kambi ya mpito ambapo mtu anafika na mfuko mmoja na baada ya siku chache anaitwa: wewe unajua kusoma, njoo utusaidie kuandika majina. Na kazi kusimama, hilo nalo tunalijua. Lakini tuanze mbali, kwa mashine, kwa sababu mashine haina uchungu na mambo yake yanaonekana wazi zaidi.

Mradi uliojulikana kuliko yote ulianza tarehe 17 Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Uliitwa SETI@home. Wataalamu walikuwa na mawimbi ya redio yaliyonaswa na sahani kubwa ya Arecibo, kule Puerto Rico, na walitaka kujua kama ndani ya kelele zile kuna ishara iliyotumwa na viumbe wa mahali pengine. (Wazee wetu watacheka: watu wanatafuta majirani mbinguni na majirani wa chini hawajamaliza kusalimiana. Wacha wacheke.) Hesabu zilikuwa nyingi kuliko mashine walizokuwa nazo, basi wakazikata vipande vidogo vidogo na kuwaomba watu wa kawaida wasaidie. Zaidi ya watu milioni 5 waliitika. Kutoka hapo ikazaliwa programu inayoitwa BOINC, na miradi mingi mingine ikaanza kuitumia. Tangu 2013 inaingia hata kwenye simu za Android: simu ikiwa kwenye chaji na ikipata waifai, nayo inapiga hesabu.

Usifikiri ni mambo ya nyota tu. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa Africa@home, uliosukumwa na watu wa CERN kule Geneva pamoja na wenzao, na kazi yake ya kwanza ilikuwa malaria. Taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Basel, Uswisi, ilikuwa inajaribu kwenye kompyuta namna malaria inavyosambaa katika kijiji: ukileta vyandarua inakuwaje, ukileta chanjo inakuwaje. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyofungua maabara ndogo Ifakara, Tanzania, mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo hesabu za mbu wetu zilipigwa usiku katika sebule za watu wa Ulaya na Marekani ambao pengine hawajaumwa na mbu wa malaria hata mara moja.

Halafu kuna mvua. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kilianzisha mradi wa mvua ya Afrika ndani ya World Community Grid, mpango ambao kampuni ya IBM iliuanzisha 2004. Walitaka kuiga mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita 1. Mtu wa Rusizi anaelewa kwa nini kilomita 1 ni jambo. Mvua inaweza kupiga Kamembe hadi barabara inageuka mto, na ukishuka Bugarama kwenye mipunga unakuta vumbi. Utabiri unaosema "mvua magharibi mwa Rwanda" hausaidii mtu mwenye nyumba ya shitingi kwenye mteremko.

Sasa angalia namna kazi hii inavyokwenda. Kila kipande kinaiga saa 48 za hali ya hewa mahali fulani. Ukimaliza, matokeo yako ndiyo mwanzo wa saa 48 zinazofuata, na hizo anapewa mtu mwingine. Ni kama kupokezana ndoo kutoka mtoni. Mmoja akisimama, wa nyuma yake anabaki na mikono mitupu.

Mwaka 2021 IBM ilikabidhi mpango wote kwa taasisi ya utafiti ya Krembil, Toronto, Kanada. Mwanzoni mwa 2022 kazi zikasimamishwa ili mitambo ihamishwe. Waliojitolea walielezwa kwamba ni kwa muda tu. Ule muda ukavuta miezi, na hata kazi iliporudi ilirudi kwa kuchechemea. Ndani ya hesabu, mvua ya Afrika ilikuwa imeganda kwenye siku fulani, na hakuna aliyejua saa 48 zinazofuata zitaanza lini.

Wako waliokasirika. Wako waliohamisha kompyuta zao kwa mradi mwingine kimya kimya. Na wako waliojibiwa na wenzao maneno ambayo ukiyageuza kwa Kiswahili ni haya: nani alikuahidi? Hulipwi, hukulazimishwa, mashine yako ilikuwa inalala tu. Zima, nenda zako.

Jibu hilo lina nguvu, sitalipita haraka. Anayejitolea kwa njia hii anatoa ziada. Kompyuta yake ingekaa bure, yeye akaona afadhali ifanye kitu. Kazi ikisimama, hajapoteza chochote. Tena bili ya umeme inashuka. Zaidi ya hapo, kazi yenyewe haidaiwi. Kazi ipo kwa ajili ya kitu kingine. Ukimpikia jirani mgonjwa uji kila asubuhi, akapona, huwezi kumlaumu kwamba amekunyima nafasi ya kupika. Tarehe 31 Machi 2020 watu wa Berkeley waliacha kugawa kazi mpya za SETI@home. Walisema wazi: kwa sasa tumechambua data tuliyoihitaji, kuendesha ugawaji huu ni mzigo mkubwa, na tunataka nguvu hiyo tuipeleke kwenye kukamilisha uchambuzi wa matokeo tuliyo nayo. Watu wengi walihuzunika. Wengine walikuwa na kompyuta zinazofanya kazi ile tangu wakiwa vijana. Lakini mimi naona Berkeley walifanya jambo la heshima.

Kwa sababu kulikuwa na njia nyingine, na ilikuwa rahisi. Wangeendelea kutuma. Katika miradi hii kipande kimoja hutumwa kwa kompyuta zaidi ya moja ili majibu yalinganishwe, maana kuna mashine mbovu, na kuna watu wanaodanganya ili waongeze alama kwenye orodha ya waliofanya nyingi. (Ndiyo, hata kazi isiyolipwa ina wezi wake.) Hiyo ni halali. Ila kutoka kutuma mara mbili kwa sababu ya kuhakikisha, hadi kutuma mara kumi kwa sababu ya kuwafurahisha watu, ni hatua moja, na aliye nyumbani hawezi kujua tofauti. Kioo chake kinaonyesha kazi inaendelea. Analala kwa furaha. Anateketeza umeme kwa hesabu ambayo jibu lake liko kabatini.

Hilo ndilo ninaloliita dharau. Na hapa kambini tunaijua sura yake. Ni yale mafunzo ya tatu juu ya kunawa mikono kwa watu walewale, katika hema lilelile, kwa sababu bajeti ina mstari wa mafunzo na mstari lazima uliwe kabla ya mwisho wa mwaka. Unatia saini kwenye karatasi ya mahudhurio, unapewa soda, unarudi nyumbani. Hakuna aliyekuibia kitu. Lakini asubuhi yako imetumika kama alama kwenye karatasi ya mtu. Kati ya mtu anayeniambia "leo kazi haiko" na anayenitengenezea kazi ya uongo, mimi namheshimu wa kwanza, hata kama wa pili ndiye anayenipa soda.

Kuna pia kusimama kunakotokana na wingi wa wasaidizi. Machi 2020, korona ilipoanza kuua watu Ulaya, mradi wa Folding@home, ambao huchunguza namna protini zinavyojikunja, uliomba msaada juu ya virusi vile. Watu walijiunga kwa wingi hadi nguvu yao pamoja ikapita kompyuta kubwa za serikali duniani. Seva zikashindwa kugawa kazi kwa kasi hiyo. Kompyuta nyingi zilikaa zinasubiri, zinagonga mlango, zinaambiwa bado. Yeyote aliyevuka mpaka katika wimbi kubwa anaijua picha hiyo. Wiki za kwanza magari yanajaa, kila mtu ana fulana ya shirika lake, mablanketi yanazidi, maji hayatoshi. Moyo wa kusaidia unafika wote siku moja, na shida haiji siku moja, shida inakaa. Anayerudishwa wakati huo asione amekataliwa. Afadhali aache jina lake na arudi mwezi wa sita.

Basi nimekubali kwamba kazi haidaiwi. Lakini sijakubali kwamba hakuna kinachodaiwa.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda nzima inatoka kwa umuganda. Unashika jembe au panga, unafyeka, unachimba mfereji, hulipwi. Na kazi ikiisha watu hawatawanyiki. Wanakaa chini na kuna kikao. Hapo unaelezwa mfereji huu ulikuwa wa nini, mwezi ujao ni wapi, nani ana neno. Umuganda una wanaoulalamikia, si kazi yangu hapa kuupamba. Lakini kile kikao kina hekima ndani yake. Kinakubali kwamba aliyetoa mkono wake ametoa pia macho yake na masikio yake, na kwamba hivyo navyo vina fungu lake. Mtu hulipwi kwa pesa, sawa. Unalipwa kwa kuwa mmoja wa wanaojua.

Nadhani hilo ndilo deni. Anayepokea nguvu ya bure amemfanya mtoaji kuwa mshirika, apende asipende, na mshirika haachwi anagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Anaambiwa tumesimama, kwa sababu hii. Kama siku ya kurudi haijulikani, anaambiwa haijulikani. Na mwishoni anaambiwa ile nguvu ilizaa nini, hata kama haikuzaa kitu. Watu wa SETI@home walisubiri miaka mitano. Uchambuzi ulipotolewa ulisema kutoka ishara karibu bilioni 12 zilizokusanywa na kompyuta za watu, zimebaki kama 100 za kuangaliwa upya kwa darubini ya FAST, kule China. Ni matokeo membamba hayo. Lakini mtu wa Ohio au wa Nairobi aliyeacha kompyuta yake ikivuma usiku mwaka 2003 anaweza sasa kusema: ile kelele ilikwenda mahali fulani.

Hapa lazima niachane na mashine, kwa sababu mfano wao unaanza kudanganya.

Kompyuta iliyokosa kazi haibadiliki. Ukiirudishia kazi baada ya miezi nane itaipokea kama jana. Chukua upande mwingine mama mhamasishaji wa afya kambini. Alipewa mafunzo, fulana, daftari, na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto: kijani ni mzima, njano anaanza kupungua, nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, apelekwe mbio. Alizunguka nyumba kwa nyumba mwaka mzima. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na siku chache baadaye mashirika yakaanza kupokea barua za kusitisha kazi. Kambi nyingi za Afrika Mashariki zilihisi. Na neno lililotumika lilikuwa la mashine kabisa: kusimama kwa muda.

Lakini mama yule atasimama namna gani? Saa tano ya usiku mtu anabisha: "Yaya, amka, mtoto anaharisha." Akisema "mradi umesimama", atakuwa amesema kweli, na hakuna jirani atakayemwelewa. Wao hawakuwahi kujua mradi. Walijua yeye. Ule mwaka wa kazi ulimfanya kuwa mtu ambaye mlango wake unagongwa, na kitu hicho hakina swichi.

Kwa hiyo ile hoja ya ziada, "mashine yako ilikuwa inalala tu", kwa binadamu haisimami. Wapo wanaodhani mkimbizi naye ni kompyuta iliyowashwa bila kazi: ana muda, amekaa, mpe kitu cha kufanya, ukikiondoa amerudi alipokuwa. Siyo. Muda wa mkimbizi si ziada. Mama yule angeweza kulima kibarua Bugarama, angeweza kuuza mandazi, angeweza kulala. Alichagua utepe. Na alipochagua, alitoa jina lake, na jina halirudishwi pamoja na fulana.

Najua ndugu zangu wa mashirika mnaosoma hapa mnataka kujibu. Mtasema: hata sisi hatukuambiwa. Tulipata barua usiku, asubuhi tukawa hatuna kazi sisi wenyewe, wengine tulikatazwa hata kuwasiliana. Ni kweli, na katika habari hii ninyi mlikuwa kompyuta zinazogonga kama sisi. Siwapi lawama kwa uamuzi ambao haukuwa wenu. Ila "hatujui" nayo ni habari. Mtu anayekuja hadi chini ya mti, anakaa, anasema "tumesimamishwa, sijui kama tutarudi, daftari zenu sijui nani atazichukua", amelipa karibu deni lote ninalolizungumzia. Haihitaji bajeti. Inahitaji nauli ya pikipiki na uso usiokwepa. Wako waliofanya hivyo, na majina yao yanatajwa kwa heshima hadi leo. Wako waliotuma ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp kisha wakatoka kwenye kundi.

Kijana mmoja wa hapa aliponisikia nikieleza habari za BOINC aliniuliza kama anaweza kuweka simu yake, ipige hesabu za mvua. Nikamwambia simu yako inachajiwa kwa pesa kwa muuzaji. Akasema anajua, lakini ni mvua yetu. Sikuwa na jibu zuri. Umeme unaotoka kwenye maporomoko ya Ruzizi unagawanywa kwa nchi tatu, na yeye analipia asilimia za betri. Kwa hesabu ya akili, aache. Wenye majumba ya joto kule Delft wapige hesabu. Lakini alichokuwa anaomba hakikuwa kusaidia sayansi. Alikuwa anaomba kuwa upande wa wanaotoa, walau usiku, walau kwa saa 48 za mvua ya mahali fulani. Ukimnyima mtu hilo kwa sababu ni maskini, umemhesabia umaskini mara mbili. Nikamwambia ajaribu, na asiweke simu chini ya mto, inapata moto.

Sasa kile ambacho bado kinanisumbua. Mama wa utepe, kama wengine wengi, hakuacha. Aliendelea kupima, siyo kila nyumba, zile alizoziogopea. Aliandika kwa bic katika daftari: tarehe, jina, umri, rangi. Hakuna aliyezichukua. Nilimuuliza kwa nini anaandika wakati hakuna pa kupeleka. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini anafunga mlango. Akasema, "Watarudi tu, na wakirudi wataanza kuuliza: mwezi wa tatu watoto walikuwa wangapi?"

Je, hiyo ilikuwa kazi? Mradi haukuwapo. Hakuna aliyemtuma. Kwa kanuni za mashirika, kupima watoto bila kibali ni kosa hata. Watu wa nadharia wanaweza kusema hapo ndipo kujitolea kwenyewe kulipoanza, na kabla yake kulikuwa ajira iliyolipwa vibaya. Mimi siko na haraka ya kumpa sifa hiyo, kwa sababu sifa ni rahisi na inawafaa sana wale ambao wangepaswa kuja kuchukua daftari. Ukishamwita shujaa, huna haja ya kumpa jibu.

Daftari ni nne. Mbili zimeingia maji pembeni, msimu ule mvua ilikuwa kali. Ziko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati lake, na ukurasa wa mwisho una majina ya watoto saba, watano kijani, mmoja njano, na mmoja ambaye mbele ya jina lake aliandika nyekundu kisha akakata, akaandika Gihundwe, yaani hospitali, na tarehe.